Karatasi ya Limuru

Lancelot Mascarenhas hakuwahi kuacha kisanduku kitupu kwenye fomu. Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa uwanja wa mbio za farasi Nairobi, kisha miaka mingine ishirini na miwili karani wa bima hapa Toronto, na kote alikopita sifa yake ilikuwa moja: karatasi ikitoka mkononi kwa Lancelot, imetoka, hairudi. Sasa, akiwa na miaka sabini na sita, ameketi jikoni kwa Sean, mwenye shamba, ana fomu mbili mbele yake na kalamu yake mwenyewe ya wino, na amekwama.

Shamba limeuzwa. Wanunuzi ni wajenzi wa nyumba, na farasi wote waliokuwa wakilelewa pale walitakiwa kuondoka kabla ya mwezi kwisha. Wa Lancelot walikuwa wawili: Karani, wa kijivu, miaka kumi na tisa, na Limuru, jike la kahawia, miaka ishirini na miwili. Ujana wao waliumalizia kwenye mbio za kuruka viunzi, na uzee wao kwenye majani ya Sean. Aliwanunua pamoja na rafiki yake Matthew, karani mwenzake tangu Nairobi, wakiwa vijana wa miaka sitini, kama alivyopenda kusema Matthew. Matthew alifariki mwaka juzi. Tangu hapo gharama za farasi wawili zimebebwa na pensheni moja.

Sean hakuwa mtu mbaya. Alimwekea Lancelot mezani karatasi za aina mbili. Za kwanza ni fomu za mnada wa Jumamosi. Ya pili ilikuwa anwani ya shamba moja karibu na Guelph linalopokea farasi wazee bure, ila mwenye farasi aandike barua, mistari michache tu, aseme kwamba hana uwezo wa kuwatunza tena.

Lancelot aliisoma ile anwani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Yeye, kuandika kwamba hana uwezo? Tena iwekwe faili, watu waisome? Hapana. Akazivuta fomu za mnada.

"Jepkosgei," aliita, "Limuru amepewa dawa yoyote miezi hii sita?"

Jepkosgei alikuwa saisi, mtunza farasi wa pale, mwanamke wa miaka arobaini hivi kutoka Eldoret, na alikuwa anaosha ndoo kwenye sinki. Wao wawili waliongea Kiswahili siku zote.

"Limuru? Huyo hapana, mzee. Ukimwekea dawa kwenye chakula anaacha chakula. Amezeeka bila kumeza kitu cha daktari."

Akaandika: Hapana.

"Na Karani?"

"Si unajua? Unga wa maumivu, kila asubuhi tangu Januari. Bila huo hata mteremko hashuki."

Hapo ndipo kalamu iligoma. Alijua, ndiyo. Lakini alikuwa akiwaza familia fulani, baba na mama na binti mwenye buti mpya, wanafika mnadani wakitafuta farasi mpole. Nani atachukua mzee wa kumezeshwa dawa kila asubuhi? Neno moja lingemfukuzia Karani bahati yake. Akaandika Hapana, kwa mwandiko uleule mzuri wa kulalia kulia, akatia sahihi.

Jepkosgei aliona. Alifunga bomba la maji.

"Wakiona neno dawa wataogopa," Lancelot alisema, kama aliyeulizwa.

"Wewe ndiye unajua mambo ya karatasi, mzee."

Alijua mambo ya karatasi, lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, aliruka mistari mitatu ya juu iliyoeleza fomu ile ni ya nini. Alitaka kumaliza upesi aondoke. Wala hakumuuliza Sean ni watu gani hasa wanaonunua farasi wazee kwenye minada. Hakuuliza kwa sababu jibu alikuwa nalo, na alikuwa akilikwepa kama mtu anavyomkwepa mdai wake njiani.

&nbsp;

Nyumbani, ghorofa ya tisa, mtaa wa Agincourt, mkewe Socorro alikuwa anakatakata vitunguu. Mjukuu wao Rochelle, ambaye aliishi nao tangu aanze kazi ya maabara, alikuwa kwenye simu yake.

"Wamekwenda wapi basi?" Socorro aliuliza hata kabla mumewe hajavua koti. "Farasi."

"Wamepata nafasi," Lancelot alisema. "Guelph. Kuna watu wanapokea farasi wazee."

"Bure?"

"Bure."

"Ashukuriwe Mungu." Socorro aliweka kisu chini. "Lance, siku tatu silali mimi. Nilidhani utafanya jambo la kijinga."

Rochelle aliinua kichwa. Kiswahili alikielewa chote, ila majibu yake siku zote yalitoka kwa Kiingereza, na babu yake alishajizoeza kuamini kwamba asiyejibu haelewi. Aliuliza kama wanaweza kwenda kuwaona Jumapili.

"Waache wazoee kwanza," Lancelot alisema, akaenda kuoga ilhali hakuwa na haja ya kuoga.

Ungemjua Socorro ungejua kilichofuata. Hadi Alhamisi parokia nzima ilikuwa na habari. Ukutani kwenye ukumbi wa kanisa, mahali Wagoa, Wakatoliki wenye asili ya Goa, India, waliotoka Nairobi, Kampala na Dar, wanapokunywa chai baada ya misa, palikuwa na picha ya Matthew amemshika Limuru hatamu, siku farasi huyo alipotoka wa tatu, na kila mtu pale aliwahi kupelekwa shambani angalau mara moja kulishwa hadithi za viunzi. Basi Lancelot alipopita Alhamisi kuchukua ratiba ya wasomaji, alikumbatiwa. Alipewa mkono na watu ambao hawakumsalimu tangu Pasaka.

Aliyemmaliza ni Lisa, binti wa Matthew. Yule farasi aliitwa Limuru kwa sababu Lisa alizaliwa Limuru.

"Anko, nilikuwa naogopa kukuuliza," Lisa alisema, machozi yakimlengalenga. "Mimi sikuweza kusaidia, unajua hali yangu. Asante. Daddy angefurahi sana."

Lancelot alimpigapiga begani, akasema si kitu. Alitamani ardhi ipasuke pale kwenye vigae vya kanisa immeze na ratiba yake.

Na kama hiyo haikutosha, Ijumaa Socorro alishinda jikoni akipika bebinka, keki yao ya matabaka ya tui la nazi, ile inayokula siku nzima kwa sababu kila tabaka linapikwa peke yake. Aliitia kwenye bati la biskuti, akafunga utepe.

"Ya watu wa Guelph," alisema. "Hatuwezi kupokea kitu cha watu bure tukakaa kimya kama watu wasio na kwao."

Lancelot alilibeba lile bati, akaliweka kwenye buti la gari la Rochelle, akasema watalipeleka wiki ijayo.

&nbsp;

Jumamosi mchana simu ililia mezani. Lancelot aliiweka kwenye spika, maana masikio yake yalishaanza kumsaliti. Socorro alikuwa amekwenda dukani. Rochelle alikuwa pale pale, anakula mkate.

"Mzee, ni mimi Jepkosgei. Niko huku mnadani."

"Unafanya nini huko?"

"Nilikuja kuwaaga. Hakuna mtu aliyenituma." Nyuma yake kulisikika milango ya chuma na sauti ya dalali. "Wameuzwa wote wawili, mzee. Kwa mtu mmoja."

"Familia?"

"Mzee, huyu mtu ananunua kwa uzito. Lori lake linaenda machinjioni. Linaondoka saa kumi."

Lancelot alimtazama Rochelle. Rochelle alikuwa anatazama mkate wake.

"Sema polepole," alimwambia Jepkosgei. Hakuna kilichosemwa kwa haraka, ila alihitaji muda.

"Nimewauliza ofisini. Wanasema mnada ukishapigwa umepigwa. Lakini mzee, ile fomu yako. Ile fomu ndiyo ya nyama. Inasema farasi hana dawa mwilini, anafaa kuliwa. Ungeandika ule unga, Karani asingenunuliwa na mtu huyu hata kwa senti tano. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi njoo."

Simu ilipokatika, Lancelot alianza kutafuta uongo mwingine, na hakuupata. Rochelle alikuwa amekwisha simama, funguo mkononi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimjibu kwa Kiswahili, cha kuvunjikavunjika lakini cha kutosha.

"Vaa viatu, Babu."

Ndani ya gari hakumfokea. Ingekuwa nafuu kama angemfokea. Walikwenda mwendo wa saa moja na nusu magharibi mwa jiji, na kila mara gari lilipopita kwenye shimo, bati la bebinka liligonga huko nyuma. Walipokaribia kibao cha kuelekea Guelph, Rochelle aliuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama kuna mahali pa kweli huko au hata hapo alipatunga.

"Papo," Lancelot alisema. "Walitaka barua tu."

"Barua ya nini?"

"Niseme siwezi."

Rochelle alikipita kile kibao, akaongeza mwendo.

&nbsp;

Ofisi ya mnada ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kuhudumia watu. Aliyekuwa dirishani ni binti aliyejifunga mtandio mweusi, kibao chake kimeandikwa Sidra, na Lancelot aligundua mara moja kwamba huyu ni karani wa kweli: kila rundo la karatasi limenyooka, kila kalamu ina kifuniko chake. Siku nyingine angempenda. Jepkosgei alikuwa amekaa kwenye benchi, buti zina tope.

"Nimekuja kuhusu farasi wawili," Lancelot alimwambia Sidra. "Nataka kuwarudisha."

"Mauzo hayarudishwi, bwana. Samahani. Labda kama karatasi ina kasoro."

Nyuma ya Lancelot kulikuwa na foleni: wakulima wawili wenye kofia, mama na mwanawe mkubwa. Wote walikuwa na haraka, na hakuna aliyekuwa kiziwi.

"Ina kasoro," alisema.

"Kasoro gani?"

"Ya wa kijivu. Pale kwenye dawa. Nimeandika hapana."

"Ulisahau?"

Masikini binti wa watu, alikuwa anampa njia. Mzee wa miaka sabini na sita, nani asingekubali kwamba amesahau? Lancelot aliona Rochelle anamtazama, na Jepkosgei anamtazama, akahisi masikio yake yanachoma.

"Sikusahau," alisema. "Nilijua. Niliandika uongo."

Mkulima mmoja alikohoa. Sidra hakubadilika uso. Alitoa karatasi mbili mpya, akaeleza: moja mwenye farasi aandike kwamba tamko lake la kwanza halikuwa kweli; nyingine ajaze aliyetoa dawa kwa mkono wake, dawa gani, kiasi gani, tangu lini. Lancelot aliandika akiwa amesimama, kwenye ubao wa dirisha, kwa sababu benchi lilikuwa na nafasi moja tu na Jepkosgei alikuwa anaandika yake hapo. Mwandiko wake ulitoka mbaya. Zamani, Nairobi, masaisi walikuwa wakisimama mbele ya meza yake hivyo hivyo wakingoja amalize, na hakumbuki kama aliwahi kumpa hata mmoja wao kiti.

Sidra alizisoma zote mbili, akapiga mhuri, akapiga simu kule kwenye mazizi. Wa kijivu ashushwe kwenye lori.

"Na huyu wa kahawia?" aliuliza, bila kuinua macho.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Rundo la fomu tupu lilikuwa bado pale dirishani. Mstari mmoja tu ungetosha, na Lancelot aliuona mstari huo wazi kama umeshaandikwa. Alimgeukia Jepkosgei, akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini:

"Andika na Limuru."

Jepkosgei alifunika kalamu.

"Mzee, Limuru sikumpa kitu."

"Najua. Andika tu. Nani atajua?"

"Hili ni jina langu." Hakupandisha sauti. "Shamba likifungwa na mimi sina kazi. Uliwahi kuniuliza naenda wapi? Naenda kulala kwa dada yangu Mount Dennis, na Jumatatu nitaanza kuzunguka kwenye mabanda ya watu, na kila banda litawapigia simu watu hawa hawa kuuliza mimi ni mtu wa namna gani. Wakimpima yule farasi damu wakute hana kitu, itakuwa sahihi yangu. Wewe utarudi nyumbani."

Rochelle alielewa kila neno, na Lancelot alijua kwamba ameelewa. Kudanganya kwa kiburi chake alikuwa ameshafanya. Sasa alikuwa amemwomba mwanamke asiye na kazi adanganye kwa niaba yake, mbele ya mjukuu wake, na alitumia sauti ileile aliyotumia kuagizia chai ofisini zamani. Haya ilimpanda hadi akashika ukingo wa dirisha.

"Nisamehe, mama," alisema.

Kisha akamgeukia Sidra. "Huyo hakupewa dawa yoyote. Karatasi yake ni sawa."

Rochelle alitoka mbio kumtafuta mnunuzi, akajaribu kumnunua Limuru tena kwa pesa yoyote aliyokuwa nayo kwenye kadi. Yule mtu hakuwa mkali. Alieleza tu kwamba ameagizwa farasi kumi na wanne, na mmoja wameshampunguzia, hawezi kufika na kumi na wawili. Rochelle aliongeza bei; yule mtu akatikisa kichwa, akapanda lori lake.

Karani alishushwa akichechemea. Lancelot alimshika kamba mwenyewe, pale uani, lori likitoka. Hakumwona Limuru, maana mbao za lori zilikuwa juu, ila Karani alimwona au alimsikia, kwa sababu aliinua kichwa akalia, akalia tena, na mkono wa Lancelot haukuwa na nguvu ya kumshikilia. Jepkosgei ndiye aliyempokea kamba.

Aliandika ile barua ya Guelph garini, juu ya goti, mistari minne. Mimi, Lancelot Mascarenhas, sina uwezo tena wa kumtunza farasi wangu. Rochelle aliipiga picha akaituma, na kabla hawajafika barabara kuu jibu lilikuwa limeingia: watakuja kumchukua huko mnadani Jumatatu. Waliongeza kwamba nafasi wanazo za kutosha, kama ana mwingine.

Kabla ya kuondoka pale, alikuwa amefungua buti akampa Jepkosgei lile bati.

"La nini, mzee?"

"Mke wangu amepika. Chukua tafadhali."

Jepkosgei aliutazama utepe, akalichukua.

&nbsp;

Socorro alisikiliza mambo yote akiwa amesimama. Aliuliza maswali mawili tu: kama Lisa anajua, na kama Limuru alikuwa na maji kwenye lori.

"Mimi niliwatangazia watu uongo wako kwa mdomo wangu huu," alisema mwishowe. Socorro akikasirika kwelikweli aliacha Kiingereza na Kikonkani, lugha ya Wagoa, akahamia Kiswahili cha Eastleigh alikokulia. "Nimekumbatiwa kwa ajili yake. Nimepika keki. Kesho baada ya misa utaurudisha mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nitakaa kando yako kwa sababu wewe ni mume wangu. Lakini sitakusaidia hata neno moja."

Basi Jumapili, chai ilipokwisha kumiminwa, Lancelot alisimama katikati ya ukumbi. Wengi walidhani anataka kushukuru, na mmoja akagonga kikombe kwa kijiko ili watu wanyamaze. Alisema kwamba wiki iliyopita alidanganya. Alisema hakuwapeleka farasi Guelph, aliwapeleka mnadani, kwa sababu alishindwa kuandika barua ya kusema hana uwezo. Na kweli hana uwezo, aliongeza, hana tangu Matthew afariki. Alisema Karani amerudishwa na kesho atakwenda Guelph kwelikweli. Kisha akanyamaza, akitumaini, Mungu amsamehe, kwamba hapo patatosha.

"Na Limuru, Anko?" Lisa aliuliza. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, kikombe mkononi, chini ya picha ya baba yake.

"Limuru amekwenda machinjioni, Lisa. Jana saa kumi."

"Mmoja mmeweza kumtoa," Lisa alisema. "Kwa nini hamkumtoa na yeye?"

"Karatasi ya Karani ilikuwa ya uongo, wakaifuta. Ya Limuru ilikuwa ya kweli. Niliijaza vizuri."

Lisa aliweka kikombe chake juu ya kabati la vitabu vya nyimbo. Akageuka, akaiondoa ile picha ukutani kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaitia kwenye mkoba wake, na kwa kuwa fremu ilikuwa kubwa, zipu haikufunga. Alitoka hivyo hivyo. Ukutani ulibaki mstatili wa rangi safi na msumari.

Watu walirudi kwenye chai yao taratibu, wakaanza kuongea habari za baridi. Socorro alimvutia mumewe kiti, akakigonga kwa kiganja kumwonyesha akae. Lancelot aliendelea kusimama.